Usiku niliompa mama soda ya ziro

Ilikuwa saa nane na dakika kadhaa usiku. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imeloa mgongoni kama mtu aliyenyeshewa, akiniagiza nikaanue nguo kabla mvua haijaanza.

Hapakuwa na nguo kambani. Hapakuwa na mvua.

"Kaanue nguo mwanangu, zitaloa," alirudia, safari hii kwa ukali, na mkono aliounyoosha kunionyesha uani ulikuwa unatetemeka.

Mama ana kisukari, basi nilimchoma kidole. Mashine ya kupimia sukari ikahesabu sekunde zake tano, ikaandika 2.7.

Tarakimu hiyo nilijua maana yake. Chini ya 4 (milimoli kwa lita ya damu) sukari imeshuka. Chini ya 3 imeshuka vibaya, na ubongo, ambao chakula chake kikubwa ni hiyo hiyo sukari ya damuni, huanza kuanua nguo zisizokuwepo. Nilijua pia kinachotakiwa: kitu kitamu, na haraka. Nikakimbilia jokofu, nikatoa soda, nikamimina glasi tele, nikamshikia anywe.

Alikunywa zaidi ya nusu. Tukangoja. Jasho halikukauka, na sasa alianza kuniita kwa jina la marehemu dada yake. Ndipo nilipoigeuza ile chupa kwenye mwanga wa simu nikaisoma.

Soda ya ziro, isiyo na sukari hata chembe.

Ndiyo soda pekee iliyokuwemo ndani ya nyumba ile, kwa sababu mimi ndiye niliyeamua iwe hivyo. Hapakuwa na asali wala juisi. Hapakuwa hata na chembe ya sukari ya kuungia chai. Nilifungua kabati moja baada ya jingine nikijua kabisa sitakuta kitu, kwa kuwa nilikuwa nimeyasafisha kwa mikono yangu.

Nilitoka pekupeku kumgongea jirani. Hakuniuliza swali hata moja; aliniangalia usoni, akarudi ndani, akatoka na kopo zima. Vijiko vinne vya chai kwenye nusu glasi ya maji, mama akanywa. Robo saa baadaye, 3.4. Tukarudia. Robo saa nyingine, 4.9. Nikampa mkate na ndizi ili isije ikashuka tena, akala taratibu, akaniuliza mbona nalia.

Nguo hazikumbuki kabisa. Mpaka leo anadhani nilimtungia.

Kabati safi

Wiki tatu kabla ya usiku ule tulikwenda kliniki, na sukari ya mama kabla ya kula ikasoma 14.2. Kwa mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana yake usiku, 7 tu inatosha kuitwa kisukari. Mama alikuwa na mara mbili yake. Nilitoka pale kichwani namwona shangazi.

Shangazi yangu alikatwa mguu. Kilianza kidonda kidogo kwenye kidole cha mwisho, alipochubuliwa na ndara mpya, na kwa kuwa nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi baada ya miaka ya sukari ya juu, hakukisikia mpaka kilipoanza kunuka. Sitaendelea. Mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani anaijua njia hiyo inakoelekea.

Basi siku hiyo hiyo niliingia jikoni kama mtu wa mahakama aliyekuja kutoa vyombo nje. Kopo la sukari, kilo tatu, nikampa jirani. Asali ya Tabora ikaenda kwa kaka. Biskuti, juisi za boksi, kashata za nazi alizozificha chini ya mto (kama mtoto, nilimwambia, na neno hilo sasa linaniuma), vyote nje. Nikanunua chupa sita za soda ya ziro ili asijisikie amenyang'anywa kila kitu. Nikapiga picha kabati tupu, nikairusha kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Nilipata mioyo kumi na moja.

Mama hakusema kitu. Alikunywa chai yake isiyo na sukari, akaisukuma kando ikiwa nusu. Jioni akawa anakula vijiko vitatu vinne, anasema ameshiba. Nilihesabu hilo nalo kama ushindi. Kila nilipompima asubuhi tarakimu ilikuwa imeshuka: 11, 9, 8, 6. Nikawa naituma kwenye kundi kama mtu anayetangaza matokeo ya ligi.

Na lile kopo aliloniletea jirani saa nane usiku lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa kalamu nene, mwandiko wangu mwenyewe: SUKARI.

"Dawa nani alipunguza?"

Kulipokucha tulikuwa wa kwanza kliniki. Muuguzi alisikiliza hadithi yangu yote akiwa anasoma kadi ya mama, wala hakunitazama. Alipomaliza aliuliza:

"Dozi hii aliandikiwa lini?"

Mwaka jana.

"Na mwaka jana mama alikuwa anakunywa chai ya namna gani?"

Ya sukari. Vijiko vitatu.

"Usiku anakula nini, mwaka jana?"

Wali. Mkate. Chochote.

"Sasa dada yangu, chakula umepunguza. Dawa nani alipunguza?"

Nimelala na swali hilo wiki sita.

Kwa wasiojua, nitaeleza kwa kifupi. Mama alikuwa anatumia dawa mbili. Metformin, ambayo kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo kwenye damu. Hiyo ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Na glibenklamaidi, ambayo ni tabia nyingine kabisa. Kidonge hiki huisukuma kongosho itoe insulini, ile homoni inayoiondoa sukari kwenye damu, iwe kuna sukari ya kuishughulikia au hakuna. Hakiulizi kama umekula. Kinakaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee ambaye figo zimeanza kuchoka kinakaa zaidi. Mama ana miaka 67. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenklamaidi haifai kwa watu wa zaidi ya miaka 60, jambo ambalo nililisoma baadaye, nikiwa nimeketi sakafuni na simu, na sikujua nimkasirikie nani.

Daktari alimwondolea kidonge hicho siku ile ile. Nasema *daktari*, si mimi. Mkono wangu ulikuwa umeshafanya ya kutosha.

Lakini mlione nililoliona mimi. Dozi ya mama ilikuwa imepimwa juu ya maisha yake halisi: chai tamu asubuhi, wali usiku, kashata ya chini ya mto. Yalikuwa maisha mabaya kwa sukari yake, sawa. Ila dawa na maisha hayo vilikuwa vimezoeana, vikivutana kama watu wawili kwenye kamba. Mimi nikaja nikamwondoa mmoja ghafla.

Kamba haikubaki palepale.

Kutoka Maskati

Dada yangu anaishi Maskati. Aliposikia, alipiga simu akafoka: mwacheni mama ale, kwani kabakiwa na miaka mingapi, mtamuua kwa njaa mkijidai mnamponya. Wapo wengi kwenye ukoo wanaosema hivyo kwa sauti ya chini. Dada yeye ana sauti.

Kwa siku kadhaa nilikubaliana naye. Nilirudisha sukari mezani. Nilimpikia mama vitumbua vyenye hiliki vya kutosha kijiji, nikawa namtazama anavyokula nikijisikia nimesamehewa. Siku ya nne asubuhi, 13.6. Akaamka usiku mara tano kwenda kukojoa. Akasema macho yanaona ukungu.

Nikamkumbuka tena shangazi.

Kwa hiyo hapa kati ndipo nilipokwama: nikibana, mama anaanua nguo usiku wa manane, nikilegeza, naanza kumwangalia vidole vya miguu. Na kilichonikera zaidi ni kwamba kote kuwili nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu. Bakuli la sukari. Liwepo au lisiwepo.

Jina la ugonjwa

Nadhani Kiswahili chetu kina mkono kwenye kosa langu.

Tunasema "mama ana sukari". Tunasema "sukari imempanda". Ugonjwa na kitu cha kuungia chai tumevipa jina moja, na mtu akishasikia jina, mkono wake wenyewe unakwenda kwenye kopo. Ukimwambia mtu wa nyumbani kwetu kwamba shinikizo la damu limepanda, anauliza maswali. Ukimwambia sukari imepanda, hana swali, mwizi ameshatajwa.

Wakati huohuo sinia la wali wa nazi linapita mbele yetu na hakuna anayelishuku. Si tamu. Mkate wa boflo si mtamu. Muhogo wa kuchemsha si mtamu, ugali ndiyo kabisa. Ulimi unatoa hukumu, na ulimi haujui kinachotokea nusu saa baadaye, chakula hicho kikishamegwa na kuwa glukosi ile ile inayotoka kwenye sukari ya chai. Sukari ya bakulini na sukari ya damuni ni ndugu, hilo kweli. Lakini ya damuni ina ndugu wengi.

Hata hivyo sitaki mtu atoke hapa akisema basi soda haina neno. Ina neno. Soda ya kola ina gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ni kama gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na wanasema ingekuwa bora ikishuka kwenye 25. Chupa moja imeshakupitisha kwenye 25. Na kwa kuwa ni maji, hakuna cha kutafuna wala makapi ya kuichelewesha; inafika damuni kama imeitwa.

Ndiyo sababu ileile inayoifanya kuwa dawa saa nane za usiku. Kinachomdhuru mama mchana ndicho kinachomwokoa usiku, na chupa ni hiyo hiyo moja.

Daftari

Kilichonitoa pale nilipokwama ni daftari la shule la kurasa 96.

Muuguzi alinishauri niache kupima asubuhi tu. Pima kabla ya kula, akasema, na pima tena saa mbili baadaye, uone chakula gani kinamfanya nini *huyu* mama yako. Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia damu, ni ghali, hatukuweza kila siku. Tulichagua milo mitatu kwa wiki. Mama alikuwa anachagua mlo, mimi nachoma kidole. Tarakimu zilizo hapa ni za mwili wake, zilizopimwa baada ya daktari kubadili dawa. Msizihamishie kwa mtu mwingine.

Siku ya kwanza alichagua, bila aibu, chai ya vijiko viwili vya sukari na vitumbua vitatu, tumbo tupu. Kutoka 7.1 mpaka 13.8.

Safari ya pili, vitumbua vitatu vile vile, chai bila sukari. Nilitegemea muujiza. Kutoka 7.0 mpaka 12.9.

Nilipima tena nikidhani stripu imeharibika.

Yaani sukari ya chai, ile niliyoiendea kwa hasira zote, ndiyo iliyokuwa na mchango mdogo pale. Mzigo ulikuwa kwenye vitumbua, unga wa mchele na sukari yao ya ndani. Safari ya tatu tukafanya hivi: bakuli la maharage kwanza, polepole, kisha kitumbua kimoja, kisha chai yenye kijiko kimoja cha sukari. Kutoka 7.3 mpaka 9.4. Na mama alikuwa ameshiba, na alikuwa amepata kitumbua, na chai yake ilikuwa na utamu.

Hapo ndipo alipoanza kuupenda mchezo.

Jambo la kutanguliza mboga au kitoweo kabla ya wanga si uganga wa nyumbani kwetu. Watafiti wameshalipima kwa watu wenye kisukari, na kupanda kwa sukari baada ya mlo hupungua. Chakula kinachochelewa kutoka tumboni kinachelewesha na kilichokifuata. Kashata iliyokuja nyuma ya samaki na mchicha si kashata ile ile iliyoingia tumbo tupu saa kumi alasiri. Tuliijaribu hiyo nayo: kipande kimoja baada ya chakula cha mchana, 9.1. Kipande kama hicho peke yake alasiri, kilichopimwa saa moja tu baada ya kukila, 11.9.

Na kutembea. Msuli unaofanya kazi huichukua sukari kutoka kwenye damu bila kudai insulini nyingi. Mama hapendi kutembea bila sababu, anaona ni wazimu, kwa hiyo nimemtafutia sababu: baada ya chakula cha jioni anakwenda kumsalimia jirani wa kopo, nyumba ya pili lakini kwa kuzunguka mtaa. Dakika kumi na tano kwenda, na umbea. Kurudi tena kumi na tano.

Juisi ilituaibisha wote. Mama ni mpishi wa juisi ya ukwaju na ya mabungo, anasifiwa mtaa mzima, na sote tuliamini kwamba hiyo ni *asilia*, si kama soda. Siku moja nikamwambia apike kama kawaida yake, ila kila anachotia kipite kwenye mzani. Jagi la lita mbili liliingia vikombe viwili vya sukari: gramu 400. Glasi nane. Gramu 50 kwa glasi.

Chupa nzima ya soda ina 37.

Ukali wa ukwaju unaficha. Ulimi unaona uchachu, unasema ongeza. Mama alikodoa macho kwenye mzani, akasema, "Kumbe nimewaua wageni wangu miaka yote hii." Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Siku hizi anatia robo yake na tangawizi nyingi. Wageni wa zamani wanalalamika.

Machungwa nayo. Tanga kwetu msimu ukifika, machungwa ya Muheza yanamenywa kila kona. Chungwa moja, likatafunwa na nyama yake, mama analibeba vizuri. Glasi ya juisi yake inakamuliwa machungwa manne, na hakuna aliyewahi kuketi akala machungwa manne kwa dakika mbili. Juisi ya miwa hatukuipima kabisa. Mama mwenyewe alisema stripu isipotee bure.

Na kwa haki, soda ya ziro sina ugomvi nayo. Haimpandishi. Ilifanya kazi yake barabara usiku ule, yaani haikufanya chochote.

Glasi ya mgeni

Hili ndilo gumu, na mashine hailipimi.

Tulikwenda Pangani kwa posa ya mtoto wa binamu. Tumeketi mkekani, ukaja msururu: juisi ya embe, kaimati zinazong'aa shira, halua, tambi za sukari. Mwenyeji anakutazama mdomoni. Ukisema "sinywi, nina sukari", unaanzisha kikao. Kila mtu ana dawa yake, mlonge, mdalasini, maji ya bamia, na kwa dakika ishirini wewe ni mgonjwa tena, si mgeni. Usiposema, unaonekana umekidharau chakula cha watu.

Nilikuwa nimejiandaa kumtetea mama. Nilishafungua kinywa.

Mama akaipokea glasi kwa mikono miwili. Akashukuru, akaisifia rangi yake, akagusa mdomo wa glasi na midomo yake. Kisha akaishika. Akaishika saa mbili nzima, akiongea, akicheka, akiihamisha kutoka mkono huu kwenda huu, kila mara ikiinuka karibu na kidevu. Mwenye nyumba alipita mara tatu na jagi, akaona glasi mkononi, akaenda zake. Tulipoondoka ilikuwa imepungua vidole viwili. Kaimati alikula mbili, baada ya pilau na kachumbari, na akazitafuna kama mtu anayesoma barua.

Njiani nikamuuliza amejifunza wapi.

"Mwanangu, mimi nimekuwa mgeni wa watu kabla wewe hujazaliwa."

Nilikaa kimya mpaka Tanga. Mtu niliyempokonya kashata chini ya mto alikuwa na ujuzi ambao sikuwahi kumuuliza. Wiki zote zile nilikuwa nasimamia mwili wake kama stoo.

Hospitalini ni kinyume chake: sisi ndio tunaowapelekea wagonjwa utamu. Nenda wodini saa ya kuona wagonjwa uhesabu juisi za boksi na makopo ya unga wa glukosi kwenye meza za vitanda. Nimeona kopo hilo kando ya kitanda cha mtu aliyelazwa kwa sukari ya juu, limeletwa na mkwe wake kwa upendo mtupu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya kumi na mmoja, wa miaka 25 hadi 64, ana kisukari hapa Tanzania. Ni watu wengi hao wa kupelekewa glukosi.

Kahawa chungu

Karibu na kwetu kuna baraza la kahawa. Wazee wanakunywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na pembeni kuna kashata. Kahawa yenyewe haitiwi kitu. Mtu anamega kipembe cha kashata, anakiacha kwenye shavu, anapitisha uchungu juu yake. Kashata moja inamaliza vikombe vitatu na siasa zote za Yanga na Simba.

Sitaki kuwapamba, nusu ya wazee wale wana kadi za kliniki mfukoni, na wanakula wali kama sisi. Lakini nimekuwa nikiwatazama. Utamu pale una mahali pake pa kukaa, pembeni, na mtu anaufuata kwa mkono kila anapoutaka. Kwenye chai yetu sukari imeshakorogwa na mpishi kwenye birika kabla hujaulizwa. Kwenye soda imekorogwa kiwandani. Anayekunywa hana anachokiamua.

Tumeacha kutia sukari kwenye birika. Kopo liko mezani na kijiko chake, na kila mtu anajitilia akijiona. Mpwa wangu wa miaka tisa, aliyekuwa anapewa chai ya vijiko vitatu bila kujua, siku hizi anatia kimoja na nusu, akilalamika kwamba kutia ni kazi.

Kilichomo kabatini sasa

Chini ya kitanda cha mama kuna chupa mbili ndogo za soda ya kola, yenye sukari, zimeandikwa kwa kalamu ile ile nene: DAWA YA USIKU. Nusu glasi, si chupa nzima, ngoja robo saa, pima, rudia kama bado iko chini ya 4, ikishapanda, chakula. Si chokoleti wala biskuti, maana mafuta yanachelewesha. Na akiwa hawezi kumeza au hajitambui, hatumwagii kitu mdomoni, tunakwenda hospitali. Karatasi hiyo tumeibandika nyuma ya mlango, na mpwa anaijua kwa moyo, kwa sauti ya sala inayosomwa mbele ya darasa.

Dawa mpya nayo kidogo inaweza kushusha, ndiyo maana chupa zipo. Kabla ya Ramadhani tutarudi kliniki kuuliza kama anaweza kufunga. Mama ameshaamua anaweza. Tutaona daktari atakavyoongea naye.

Mara mbili nimekuta chupa moja haipo. Mpwa anamtazama bibi yake, bibi yake anatazama dari.

Jana nilifungua daftari nijaze mlo wa jioni. Mistari yote mpaka sasa ilikuwa mwandiko wangu: tarehe, chakula, kabla, baada. Chini ya mstari wa mwisho kulikuwa na mwandiko mwingine, herufi kubwa zilizoegemeana, za darasa la nne la zamani:

*Leo kahawa na kashata moja kwa jirani. Sijapima.*